Gari la Zamani, Lami Mpya na Njia za Matope

Yafuatayo ni maelezo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa mkutano wa kamati za sharika na wageni wafadhili, uliofanyika Murungu, wilayani Kibondo, kabla ya kuanza kwa msimu wa mvua.

 

Awali ya yote tunawashukuru kwa kuacha mashamba yenu wakati huu wa kuandaa mbegu. Tumeombwa tueleze habari za gari la miradi. Barua nyingi za kamati zilizofika ofisini zinauliza mambo yale yale: kwa nini gari lilikaa gereji muda mrefu namna ile, kwa nini limerudi na viti vichache kuliko lilivyokwenda, na kwa nini halina yale mavyuma yanayoonekana kwenye magari ya wenzetu. Wafadhili nao wameuliza kwa upole zaidi: kwa nini fedha ziwekwe kwenye gari lenye umri wa karibu miaka 30 badala ya kununua jipya? Maswali yote ni halali, na tutayajibu bila kuficha sehemu ambazo jibu letu halitamfurahisha kila mtu.

Gari lenyewe mnalijua. Ni Toyota Land Cruiser hardtop, aina ya HZJ75, la mwaka 1997, lile ambalo watoto hapa huliita mkonga kwa sababu ya bomba refu lililopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Magari ya namna hii yaliingia kwetu kwa wingi wakati wa wakimbizi. Walipokuja ndugu zetu wa Burundi mwaka 1993, na wa Congo mwaka 1996 waliopokelewa Nyarugusu, Kibondo na Kasulu zilijaa magari meupe ya mashirika. Iko kampuni huko Gibraltar, Toyota Gibraltar Stockholdings, ambayo kazi yake ni kuandaa magari ya mashirika ya misaada: hufunga mkonga, redio, keria na tangi la ziada kabla gari halijapakiwa melini. Kwa hiyo kubadilisha gari ili lifae njia mbaya si starehe ya vijana wa mjini. Ni kazi inayofanywa kwa hesabu. Sisi letu tulilipata mnadani baada ya wenyewe kulichoka, na tangu hapo limebeba mbegu za maharage, mizinga ya nyuki, mabomba ya maji, mahindi, wachungaji na, tukubali, kwaya.

Sasa jambo la kwanza ambalo tungependa mlielewe ni kwamba kazi ya gari hili imebadilika, ingawa gari ni lile lile. Miaka ya nyuma swali la safari lilikuwa moja: litafika? Dereva alitoka Kibondo kwenda Kasulu kwa mwendo wa taratibu, vumbi kiangazi na matope masika, na hatari kubwa ilikuwa kulala njiani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020 barabara kuu ya kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, kilometa 260 hivi, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa fedha zilizotoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tunashukuru sana. Lakini lami imeleta spidi, na spidi imekuta magari ambayo hayakuandaliwa kwa ajili yake. Asubuhi dereva wetu yuko kwenye lami, malori mbele yake na bodaboda pembeni. Saa sita mchana huyo huyo, na matairi yale yale, anashuka korongo lenye udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni ili afike kwenye mtaa wa mwisho wa usharika. Jioni anarudi lami. Gari linalofaa korongo tu litatuua kwenye lami, na linalofaa lami tu halitafika kwenu kuanzia Novemba hadi mvua zitakapokoma.

Kuhusu kununua jipya. Tulipiga hesabu, na wageni wetu wameziona. Bei ya jipya ni zaidi ya uwezo wetu kwa miaka mingi, na gari lililotumika likiwa la umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada linapoingia nchini. Lakini hata tungepewa bure, lingebaki swali la matunzo. Injini ya gari letu ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita kwa mstari, haina turbo wala kompyuta. Fundi wa Kibondo mwenye spana na akili timamu anaweza kuifungua na kuifunga. Injini za kisasa hupuliza dizeli kwa mgandamizo mkubwa mno, zinataka mafuta safi, na zikisumbua zinahitaji kompyuta ya kuzisoma. Dizeli yetu mara nyingine hununuliwa kwenye madumu. Mnajua wenyewe kilichomo kwenye madumu.

Pamoja na hayo tusijidanganye. Gari la mwaka 1997 halina mifuko ya hewa ya kumlinda mtu wakati wa ajali, wala breki zinazojizuia zenyewe zisikabe matairi. Vitu hivyo haviongezwi na fundi. Ndiyo maana tumeandika kwenye dashibodi kwa rangi nyeupe: 80. Hiyo ndiyo spidi ya mwisho ya gari hili kwenye lami, awe ndani askofu au mbuzi.

Tulipotafuta gereji ya kufanya kazi, gereji moja ya mjini ilituandalia orodha nzuri sana kwa macho. Kuinua gari sentimita 10. Matairi makubwa ya inchi 35. Kufunga turbo. Ngao nzito ya mbele, winchi ya umeme, keria ndefu ya juu, taa nyingi za LED. Baadhi ya wajumbe walioiona orodha walisema hilo ndilo gari. Tuliikataa karibu yote, na sababu yake kubwa ni uzito.

Kila gari lina kibati chenye uzito wa mwisho unaoruhusiwa, gari, watu na mizigo kwa pamoja. Kwa gari kama letu ni tani 3 na ushei. Gari tupu lenyewe ni zaidi ya tani 2. Kinachobaki kwa ajili ya watu, dizeli na mizigo ni kama tani moja tu. Sasa hesabuni nasi. Ngao ya chuma kilo 60. Winchi na nyaya zake kilo 40. Keria kilo 50. Tairi la pili la akiba pamoja na rimu kilo 35. Tumeshafika kilo 185, na hatujapakia hata debe la mahindi. Huo ni uzito wa watu wazima watatu, au karibu magunia mawili, tunaoubeba kila siku kwenda na kurudi, tukiulipia dizeli, matairi na breki, ili siku moja kwa mwezi winchi itusaidie.

Kuna wanaosema dawa yake ni kuongeza majani ya springi. Ni kweli gari halitakaa chini tena. Lakini springi ni mguu mmoja tu wa meza. Breki ni zile zile, beringi za magurudumu ni zile zile, chesisi ni ile ile, na dereva akiona gari limesimama wima anadhani halijazidiwa. Springi ngumu kupita kiasi hupasua chesisi polepole, maana njia yetu yenye mawimbi kama bati la nyumba inapiga, na kama springi haikunji, chuma kingine kitakunja.

Tulichofanya ni kuondoa springi zote zilizolala, pamoja na bushi na pini zake, tukaweka mpya za nyuma zenye uwezo wa mzigo mzito kwa kipimo cha kiwandani, na shokapu nene zaidi zinazostahimili joto la njia za mawimbi. Gari limepanda kama sentimita 4. Walioliona wakasema halijainuka. Ndiyo, halijainuka sana, na hatukutaka liinuke. Mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani hageuki ghafla kama aliyebeba mtoto mgongoni. Anajua ndoo itamwangusha. Kila sentimita unayoinua gari unapandisha ndoo. Aidha, ukiinua sana, propela inakaa upande na krosi zake zinaliwa mapema, usukani unakuwa mwepesi na kutangatanga, na kwenye lami gari linayumba kila lori linapopita.

Kuna jambo dogo hapa ambalo mafundi wengi hawaliangalii, na tunaomba madereva mlioko hapa mlichukue. Nyuma ya gari hili, karibu na difu, kuna valvu ya breki yenye mkono unaopima mzigo. Gari likiwa na mzigo mwili unashuka, mkono unasukumwa, na valvu inapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu mwili uko juu na valvu inapunguza, ili matairi ya nyuma yasikabe na kuteleza. Sasa fundi akiweka springi ndefu bila kurekebisha mkono ule, valvu inaona mwili uko juu na kudhani gari ni tupu siku zote. Unaweza kuwa umepakia tani nzima, unakanyaga breki kwenye mteremko, na nyuma hakuna kitu. Gari limependeza, limeinuka, na halisimami. Sisi tulisimama pale gereji mpaka mkono ule ukarekebishwa, kisha tukajaribu breki na mzigo, halafu bila mzigo, kwenye njia iliyo wazi.

Breki zenyewe zilichukua fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote, na kwenye picha hazionekani kabisa. Pedi za mbele mpya, diski mpya, dramu za nyuma zimechongwa na viatu vyake kubadilishwa, mipira yote ya mafuta ya breki imebadilishwa kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imevimba. Mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani. Yakikaa miaka, maji yaliyomo huchemka wakati wa kushuka mteremko mrefu na kanyagio linazama. Tutayabadilisha kila mwaka kabla ya mvua. Na dramu za nyuma zitafunguliwa na kusafishwa kila baada ya wiki za matope, kwa sababu udongo wetu ukikaukia humo unasaga kama jiwe la kusagia ulezi.

Matairi. Hapa tulipingana hata sisi wenyewe ofisini. Tairi la inchi 35 linavutia, lakini lina kimo cha karibu sentimita 89, na la asili la 7.50R16 lina kama sentimita 81. Tofauti ni moja ya kumi. Maana yake saa ya spidi ikisoma 80 gari liko 88, breki zinashika gurudumu refu zaidi, na gia zote zinakuwa nzito mlimani. Tumechagua 235/85R16, ambalo kimo chake ni karibu sawa kabisa na la asili, lenye meno ya wastani. Tairi la meno makubwa linakwenda vizuri kwenye tope siku chache, lakini kwenye lami iliyolowa linashika vibaya, linapiga kelele na linaisha upesi.

Pia tumeacha rimu za zamani zenye pete ya chuma ya kushikilia tairi. Tunajua mafundi wa pancha vijijini wamezizoea kwa sababu hufunguka kwa mataruma mawili na nyundo. Lakini pete ile ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo inaruka kama risasi, na wanaoinama karibu yake ni vijana wetu. Rimu mpya ni za kipande kimoja, tairi haina tyubu, na pancha ya msumari inazibwa kwa uzi wa mpira bila kuvua tairi. Tumefunga na pampu ndogo ya upepo inayotumia betri. Hiyo tunaihesabu kuwa kifaa cha njia mbaya kuliko winchi. Dereva akifika kwenye tope anapunguza upepo wa matairi hadi 25 hivi, tairi linatanuka na kushika. Akirudi lami anajaza tena kabla hajaongeza spidi. Zamani hakuna aliyepunguza, kwa sababu hakuna aliyekuwa na njia ya kujaza.

Turbo tuliikataa bila mjadala mrefu. Injini ya 1HZ ilitengenezwa bila turbo, mgandamizo wake ndani ya silinda ni mkubwa tayari; ukiilazimisha hewa zaidi na dizeli zaidi joto linapanda, na kinachofuata ni pistoni au kichwa cha injini kupasuka mbali na nyumbani. Mlima wa kwetu unapandwa kwa gia ya pili. Hakuna anayechelewa mbinguni kwa sababu hiyo.

Badala yake fedha ya turbo ilikwenda kwenye mambo ya chini: mkanda wa taimingi, ambao ratiba yetu ni kuubadilisha kila kilometa 100,000 na ambao hatukuwa na kumbukumbu ya lini ulibadilishwa mara ya mwisho, rejeta iliyozibuliwa, na chujio la pili la dizeli lenye kikombe cha kukusanya maji, linalofunguliwa kila Jumatatu. Pampu ya dizeli ya injini hii inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo maji na mchanga wa kwenye madumu huila moja kwa moja. Chujio hilo ni la bei ndogo kuliko taa moja ya LED kati ya zile tulizotakiwa kununua. Taa za mbele tumeziacha za kawaida, tukaziwekea nyaya nene na rilei, kwa sababu umeme ulikuwa unapita kwenye swichi ya zamani na kufika taani umechoka. Sasa zinaangaza kama zilivyokusudiwa, bila kumpofusha bodaboda anayekuja mbele.

Mkonga umebaki, na tunapenda kueleza kazi yake kwa sababu umeleta ujasiri usio na msingi. Mkonga unasaidia injini kuvuta hewa ya juu. Kiangazi, ile ya juu ina vumbi pungufu, na faida hiyo tunaipata kila siku. Wakati wa maji unazuia injini kumeza mto, mradi viungio vyake vimezibwa. Chetu kimoja kilikuwa wazi chini ya boneti, yaani tulikuwa na mkonga wa maonyesho. Lakini difu na giaboksi nazo zinapumua, kupitia vipumulio vidogo vilivyo chini. Difu yenye joto ikiingia kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji; siku mbili baadaye oili inatoka na rangi ya chai ya maziwa. Tumevuta mipira kutoka kwenye vipumulio vyote hadi juu ndani ya boneti. Kazi ya nusu siku. Hata hivyo sheria yetu ya maji haikubadilika: kama msaidizi hawezi kuvuka kwa miguu akiwa na fimbo, gari halivuki. Mito yetu inayokwenda Muyovozi na Malagarasi haina haraka ya kumrudisha mtu.

Kuhusu kunasuka matopeni, tumeweka winchi ya mkono, sepeto, panga, mbao mbili nene na kamba ya kuvutia. Ndoano za kuvutia mbele na nyuma zimefungwa kwa bolti kwenye chesisi. Zile zilizokuwa zimechomelewa kwenye bampa tumezikata. Ndoano ya kuchomelea ikikatika wakati lori linavuta inaruka na mnyororo wake usawa wa kichwa cha mtu. Kwa hiyo ndugu zetu, mnapokuja kutusaidia kama mnavyofanya siku zote, kamba ikishakaza simameni mbali, na watoto wasogezwe mbali zaidi.

Na sasa viti, maana tunaona baadhi yenu mmevumilia kusikiliza habari za valvu mkisubiri jambo hili.

Gari lilikuwa na mabenchi mawili nyuma, watu wakitazamana, watano huku na watano kule, na wengine juu ya magunia. Hapakuwa na mkanda hata mmoja. Kwenye njia ya kilometa 30 kwa saa hilo lilikuwa usumbufu. Kwenye lami ni jambo jingine. Aliyekaa upande, gari likifunga breki ghafla, hana cha kumshika. Anaruka juu ya wenzake, na gunia la mahindi lenye kilo 100 linamfuata. Tumeondoa mabenchi. Tumeweka viti sita vinavyotazama mbele, kila kimoja na mkanda wa begani na kiunoni. Bolti zake zimepita sakafuni na chini yake kuna vibati vinene, kwa kuwa sakafu yenyewe ni bati jembamba na mkanda uliofungwa kwenye bati jembamba ni mapambo. Nyuma ya viti kuna wavu wa chuma unaotenga mizigo. Juu ya keria ndogo iliyobaki hapapandi kitu kinachozidi kilo 80, wala mtu. Idadi ya viti imebadilishwa kwenye kadi ya gari na kwenye bima. Pamoja na dereva na mmoja mbele, gari sasa ni la watu 8. Lilikuwa la 12 kwa kadi, na wote tunajua kwamba kadi haikuwahi kuheshimiwa.

Mzee mmoja wa kanisa alituambia wazi, na tunalirudia neno lake hapa kwa sababu lina uzito: mnaokoa watu kwa kuwaacha njiani. Alikuwa na hoja. Wale wanne wasiopata kiti hawabaki nyumbani. Wanapanda bodaboda, watatu kwenye pikipiki moja, au wanapanda lori juu ya mzigo. Usalama wa gari letu umenunuliwa kwa sehemu kwa hatari yao, na hatuna namna ya kulizunguka hilo kwa maneno. Tulichoweza ni kubadilisha ratiba: siku za semina gari litafanya safari mbili, ya kwanza alfajiri, na dizeli ya safari ya pili imeingizwa kwenye bajeti. Wafadhili wetu, ndiyo maana mstari wa dizeli umepanda wakati magari hayajaongezeka. Kwaya zitakodi gari la abiria lenye leseni, na kwa hilo tunaomba msamaha kwa walimu wa kwaya, lakini hatutarudisha mabenchi.

Wagonjwa pia wameulizwa, hasa akina mama wajawazito. Viti viwili vya mwisho tumevifunga kwa pini ili vikunjwe, na mtu aweze kulazwa. Lakini gari la miradi si gari la wagonjwa. Halina muuguzi wala dawa, na linaweza kuwa Kasulu wakati uchungu unaanza Murungu. Kwa dharura za uzazi na watoto wachanga kuna mpango wa m-mama wa Serikali, namba 115, bila malipo, ambao humtafutia mama gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyeandikishwa. Tunaomba namba hiyo ibandikwe kwenye mlango wa kila kanisa wiki hii. Mpigie huko kwanza. Gari letu likiwa karibu litakuja, lakini lisiwe ndilo tegemeo la kwanza.

Bado kuna jambo la dereva. Kifaa cha bei ghali kuliko vyote tulivyofunga hakina maana kama mjumbe wa kamati anaweza kumwamuru dereva aongeze watu wawili kwa sababu ni shemeji zake. Kuanzia sasa kitabu cha safari kina mstari mpya: dereva amekataa, na sababu. Akiandika pale, iwe ni mzigo, maji, usiku au uchovu wake mwenyewe, hakuna wa kumpinga papo hapo, si mchungaji, si sisi. Malalamiko yataletwa ofisini kesho yake. Pia dereva ndiye anayeamua wakati wa kufunga hab za magurudumu ya mbele na kuingiza fowili. Tunasema hivi kwa sababu abiria wengi wanapenda fowili iingizwe muda wote. Kwenye lami kavu gari hili likiwa kwenye fowili magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana, usukani unakuwa mgumu na giaboksi inaumia. Inaingizwa kwenye utelezi, inatolewa kwenye lami.

Gari litapita kwenye sharika zote kabla ya mvua kushika, na hapo ndipo tunapowahitaji. Mlangoni mtapewa kamba, kila kamati moja, yenye mafundo matatu. Fundo la kwanza na la pili ni umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia, kutoka katikati hadi katikati. La pili na la tatu ni upana wa tairi lenyewe pamoja na nafasi ya kosa la dereva. Nendeni na kamba hiyo kwenye kila daraja la magogo kati ya barabara kuu na kanisa lenu. Gogo linalokanyagwa liwe pana kuliko fundo la pili na la tatu, na lisiwe limeoza upande wa chini ambako hakuna anayeangalia. Ligongeni kwa shoka, linalolia kama ngoma lina shimo. Daraja lisilofaa tupeni taarifa kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi, mkitaja ni magogo mangapi yanahitajika na kama kijiji kitayakata au tuyalete. Daraja ambalo hatujapata taarifa yake, gari litasimama ng'ambo, na mbegu zitashushwa hapo.